Siku Nilipovaa Koti la Marehemu Baba Kwenda kwa Wakili

Msicheke kabla sijamaliza, maana hata mimi mwenyewe nikifika pale penye shati nashindwaga kuendelea. Aibu niliyoipata Musoma siku ile, jamani, mpaka leo nikipita Kamunyonge nakaza mwendo.

Baba alitutoka akaacha nyumba Kabasa, ng'ombe, na mdogo wake mmoja ambaye matanga hayajaisha alishaanza kupima chumba cha mama kwa hatua. Hati ya kiwanja tuliitafuta mpaka kwenye viota vya kuku, haipo, na bila hati mama alikuwa anatolewa huku tunaona. Ndiyo nikatumwa nitafute wakili wa mirathi wa hapahapa Mara anayejua mambo ya ukoo (wa Mwanza tulishampigia mmoja, akatuuliza marehemu alikuwa na hisa kampuni gani!), watu wa kwaya wakanielekeza kwa mama mmoja mwenye ofisi Kamunyonge.

Shida ikawa nguo. Shati langu la maana lilichanika mgongoni tangu mavuno ya pamba, nikasema si kuna koti la baba, napiga pasi kola na kifua cha shati, mgongo nani atauona? Kwetu koti la marehemu halivaliwagi mpaka ukoo ukae umvishe mrithi, nalijua hilo, lakini nikajiambia ni asubuhi moja tu, nalirudisha msumarini.

Nikapitia Butiama kwa shangazi Nyabise, dada mkubwa wa baba, asaini muhtasari wa kikao cha ukoo. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kola. Hakusaini. Akachukua mtandio wake, akasema tu, "Twende wote." Na mimi mjinga nikafikiri nimempendeza!

Wakili akatukaribisha vizuri, akauliza, "Nani anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi?"

Nikajikohoza, nikaweka koti sawa. Shangazi akasimama.

"Mheshimiwa, usiandike kwanza. Huyu kajivisha urithi mwenyewe! Magesa, vua."

"Shangazi, hapa ni ofisini..."

"Vua! Au nikuvue mimi?"

Nikavua (ungefanyaje?). Sasa mlango ulikuwa wazi nyuma yangu, na benchi zima la wateja likauona mgongo wangu ulivyo, karani akaangusha mhuri, mzee mmoja akauliza kwa huruma kama nimevamiwa njiani.

Shangazi hata hakucheka, akalikung'uta koti kwa hasira kama mkeka wenye vumbi, na kwenye bitana ikachomoka karatasi iliyokunjwa. Wakili akaiokota, akaisoma, akafuta miwani, akaisoma tena.

"Mama yako anaitwa nani?"

Nikamtajia.

"Basi nyumba haigawanywi. Hii ndiyo hati, na kiwanja kina jina la mama yako tangu mwanzo."

Weee! Shangazi akapiga kigelegele mpaka benchi likaitikia, akanikumbatia na mgongo wangu wazi, nikalia, nikacheka, sijui kipi kilianza. Halafu akamgeukia wakili: "Muhtasari tutauandika upya. Msimamizi awe dada yake. Huyu akajifunze kwanza kupiga pasi."

Mama analala chumbani kwake. Koti liko msumarini, siligusi mpaka ukoo wenyewe uniite. Na shati, ndugu zangu, siku hizi nanyoosha lote, nikianzia mgongoni.