Uzi Niliouruka

Harufu ya makonge mabichi hunirudisha Muthetheni, kijijini kwetu, kabla sijajiandaa. Juzi niliipata kando ya barabara, mahali walipokuwa wakiyaanika, nikajikuta nimesimama kama mtu aliyesahau anakokwenda. Ni harufu chachu kidogo, na mimi huinusa pamoja na aibu. Nitawaambia kwa nini.

Mdogo wangu Mumbua alikuwa na miaka minane na hakuwa amesema neno. Siku hizi tunasema ana usonji. Wakati ule majirani walisema mengi, wengine wakimlaumu mama, kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mama mwenyewe alipenda kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila sikumbuki akilisema hilo juu ya Mumbua.

Mwaka huo mwalimu mkuu alikubali kumjaribu shuleni Januari, mradi aweze kutulia na kitu mkononi bila kukiharibu. Mama akaanza kumsukia mwalimu kiondo, kikapu cha nyuzi za mkonge, maana kwetu huendi kuomba mikono mitupu. Alikisuka jioni baada ya shamba, kwa taa ya mafuta, macho yakifumba kwa usingizi.

Mimi, wa miaka kumi, nilipewa kazi moja tu, kumwangalia Mumbua. Nyingine nilijipa. Mama akienda sokoni nilikishika kile kiondo, nikaongeza mizunguko miwili mitatu kimyakimya, ili siku moja ashangae kuona binti yake amejua kusuka. Kiburi nilikuwa nacho, vidole bado. Jioni mama aliendelea juu ya mizunguko yangu bila kugundua.

Kesho yake Mumbua alikifumua. Alivuta uzi mmoja mmoja, taratibu, akazilaza nyuzi juu ya paja lake, na kazi ya mama ya jioni nzima ikaisha. Kisha, alipomaliza na mizunguko yangu, akaacha. Nilidhani amechoka. Nikamhurumia mama, nikaongeza tena mizunguko yangu kufidia hasara. Mumbua akafumua tena, akaachia palepale. Mara ya tatu mama alirudi mapema akamkuta.

Hakumpiga. Aliketi chini, akaanza kuzikusanya zile nyuzi.

"Mwalimu hakuweka lile sharti bure," aliniambia. "Huyu ni wa kuharibu tu. Wacha akae nyumbani."

Nilitaka kusema nami nilikishika kiondo, lakini niliogopa fimbo. Januari nikaenda shule peke yangu.

Akili ya Mumbua haikufuata ratiba ya shule. Neno lake la kwanza lilikuja akiwa na miaka kumi na mmoja, nalo lilikuwa "chumvi", na kweli mama alikuwa amesahau kuitia kwenye chungu. Mwaka uliofuata alipokelewa katika darasa la watoto maalum, miaka minne baada ya ile Januari. Kusoma alianzia kwenye pakiti za unga. Alipotimiza ishirini alikuwa anasuka viondo ambavyo watu wa sokoni huviagiza kabla hajavianza. Yako mengine hayajaja hadi leo. Barabara havuki peke yake, na kelele za siku ya soko humliza.

Desemba iliyopita nilitoka Syokimau, ninakoishi sasa, nikaenda kuwaona. Tuliketi barazani, mama akichagua maharagwe. Nilichukua kiondo cha Mumbua nikasuka mzunguko mmoja, kwa utani tu. Mumbua alikipokea, akafumua hadi mahali fulani, akanishika kidole akakiweka hapo.

"Umeruka uzi," alisema. Kisha, bila kunitazama, "Hata ile ya mwalimu uliruka."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo.

"Kumbe ni wewe ulikuwa unaguza hiyo kiondo?"

"Ni mimi, Mwaitu," nilimjibu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, na siku hiyo nililitamka kama mtoto anayengoja fimbo.

Hakunigombeza. Alimgeukia Mumbua, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na wewe, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Mumbua, akiendelea kusuka. "Nilifumua."

Ni kweli alituambia, tena mara tatu. Mimi niliyekuwa na maneno ndimi niliyenyamaza.