Dole Gumba la Bi Povu

Kuna watu wanaoona kinyaa kwa kazi ya mwenzao lakini hawaoni kinyaa kwa chakula kinachotokana na kazi hiyo. Katika nyumba moja ya vyumba vitatu, yenye bati la kijani na ukuta mfupi mbele, walikuwamo wawili wa namna hiyo: mume na dada yake. Aliyewalisha alikuwa mke wa mume huyo, dobi wa hospitali kuu. Wenzake kazini walimwita Bi Povu.

Dobi wa hospitali si dobi wa mtaani. Asubuhi hupokea magunia ya shuka za wodini, na ndani yake kuna damu, usaha, matapishi na mengine ambayo mtu mwenye adabu hayataji mezani. Bi Povu aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mmoja. Alijua kwamba damu hutolewa kwa maji baridi, na anayeikimbilia kwa maji ya moto anaipika ikashika nguo milele. Alijua pia kwamba kuna shuka za kufua na shuka za kuchoma. Zile za kuchoma hutiwa katika mfuko mwekundu, ukafungwa mafundo mawili, na hapana mkubwa yeyote anayeweza kuamuru zifuliwe. Kila mfanyakazi mpya alifundishwa hayo naye, bila kicheko.

Kazi ilimtoza gharama yake. Magadi makali na dawa za madoa zilikuwa zimemla ngozi ya vidole mpaka vikawa nyororo na vya kung'aa, kama mgongo wa kijiko. Mvuke nao ulimwingia kifuani. Alikuwa na kikohozi kikavu kilichomkata maneno katikati, na daktari alikwisha kumwambia waziwazi, "Mama, toka kwenye mvuke huo. Ukikaa miaka mingine mitano, mapafu yako hayatakusamehe."

Ndiyo maana alikuwa na haraka na benki. Miaka tisa kabla ya hapo, yeye na mumewe walikuwa wamenunua nyumba ile kwa mkopo wa miaka kumi na tano, hati ikabaki benki kama rehani. Mumewe alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali. Miezi saba ya kwanza alitoa kidogo. Mwezi wa nane akasema mshahara wake una majukumu, na majukumu hayo hayajajulikana hadi leo. Bi Povu akabeba mzigo peke yake. Jumapili alifua vitambaa vya meza vya hoteli moja. Kazini alikuwa hali mchana, akanywa maji na kurudi kwenye beseni. Kila alichookota alikipeleka kupunguza deni, ili amalize mapema, achukue hati, aache kazi, abaki na vitambaa vyake vya hoteli uani kwenye hewa safi.

"Bi Povu," mzee wa boila, mwangalizi wa mtambo wa maji ya moto, alimtania kila mwisho wa mwezi, "wewe na benki, nani kamwoa mwenzake?"

"Niache, mzee. Mwaka huu ananipa talaka yangu."

Nyumbani hakukuwa na utani wa namna hiyo. Wifi yake, ambaye alikuja kukaa wiki mbili na sasa alikuwa na mwaka wa sita, alimtengea kikombe chake chenye mstari wa buluu.

"Hiki cha wifi, jamani, msikichanganye na vingine. Katoka kushika maiti huyo."

"Sijashika maiti, wifi. Nimefua shuka."

"Maiti na shuka si majirani?" Wifi mtu akacheka mpaka nyama ikamkwama kwenye jino. Nyama hiyo ilinunuliwa na aliyetoka kushika maiti.

Mume naye alicheka, nyuma ya gazeti. Alikuwa mtu wa mashati meupe, matano, yaliyotiwa wanga na kupigwa pasi, na kila Jumatano alimwekea mkewe yaliyochafuka juu ya kiti. Yeye hakuyafua hata siku moja. Sikumbuki kumsikia mtu akisema amewahi kumwona karani yule ameushika mkono wa mkewe.

Mkono huo, hata hivyo, benki waliwahi kuushika. Siku ya kutia alama za vidole kwa ajili ya mkopo ule wa nyumba, mume alisema ana mkutano, atakwenda kesho yake. Bi Povu akaenda peke yake. Akaweka dole gumba kwenye kile kioo kidogo cha mashine, ikakataa. Akarudia mara sita. Wakajaribu wino, kukatoka doa jeusi tupu kama zeituni. Mama mmoja wa benki, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akaupindua mkono wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Dobi wa hospitali."

"Basi kazi imekula alama zako zote."

Akaandika barua, akaipiga muhuri, akaitia katika faili: mteja huyu hana alama za vidole, atambuliwe kwa sura na kwa saini ya mkono wake tu. Bi Povu hakuona kama hiyo ni habari ya kupeleka nyumbani. Nani angemsikiliza? Huko mikono yake haikuwa mazungumzo.

Ikafika siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne. Bi Povu aliomba ruhusa, akavaa gauni lake la kijivu, akaenda benki na bahasha. Ndani kulikuwa na salio lote la mkopo, pamoja na ada ambayo benki hutoza anayelipa kabla ya muda. Ndiyo, ukimlipa mtu deni lake mapema anakutoza kwa kumlipa. Lakini iliandikwa kwenye mkataba, naye alikuwa ameusoma mpaka maandishi madogo, kwa hiyo aliileta bila kunung'unika.

Afisa mikopo alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na meno mazuri. Alizihesabu noti, kisha akajimiminia dawa ya kutakasa mikono, akaisugua mpaka kwenye viwiko, huku akitabasamu.

"Hongera, mama! Miaka sita kabla ya muda. Watu kama nyinyi ni wachache. Sasa umebaki ule wa nyongeza tu."

"Upi?"

"Ule wa mwezi wa tatu, mlioomba pamoja na mzee. Wa gari." Akageuza faili upande wake.

Gari lilikuwapo kweli. Kwa miezi minne lilikuwa likilala mbele ya ule ukuta mfupi. Mume alisema ni la ofisi. Wifi alikuwa hakosi kiti cha mbele. Na vitambaa vya viti vyake, Bi Povu alivifua mwenyewe, mara mbili.

Kiasi kilichoandikwa kilikuwa karibu sawa na mkopo wa nyumba, na rehani yake ilikuwa nyumba ileile. Chini, palipoandikwa ridhaa ya mke, hapakuwa na saini. Palikuwa na dole gumba. Lilikuwa dole zuri, lililonona, mistari yake yote imezunguka mmoja nje ya mwingine, haukukosekana hata mmoja.

Bi Povu alilitazama sana. Kisha akakumbuka siku moja ya mwezi huohuo wa tatu, wifi yake alipomjia jikoni kwa sauti ya asali. "Wifi, wewe ndiye mtaalamu. Wino wa muhuri hutolewa na nini?" Naye alikata limau, akachovya kitambaa kwenye spiriti, akakisugua kile kidole gumba mpaka kikatakata. Alimsafishia mwizi wake ushahidi, kwa mikono yake mwenyewe, akaambiwa asante.

Miaka ishirini na mmoja ya usaha haikuwahi kumtapisha, na sasa alilazimika kumeza mate mara tatu mbele ya kijana mwenye tai. Lakini hakupiga kelele. Maji baridi, alijiambia. Maji baridi.

"Naomba nakala ya karatasi hii."

"Kuna tatizo, mama?"

"Naomba nakala."

Kijana hakutabasamu tena. Alijimiminia ile dawa mara ya pili, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Saa kumi na moja jioni Bi Povu aliikuta familia yake mezani. Akaiweka ile nakala katikati ya vyombo. Mume akaisoma bila kuigusa.

"Usipandishe sauti," alisema.

"Sijasema neno."

"Ni mkopo wetu sote. Uliweka dole siku ile una homa, umesahau."

"Mimi?"

"Sasa nani? Dole ni dole, mke wangu. Nani atakwenda kulipima?"

Ndipo Bi Povu alipounyoosha mkono wake wa kulia, akauweka mezani, kiganja juu, karibu na mkono wa mumewe. "Utazame," alisema.

Mume akaivuta sahani yake.

Hakukusudia. Ndivyo mkono wake ulivyozoea, kama mtu anavyomfukuza nzi. Lakini Bi Povu aliona, na kwa muda hapakuwa na jambo jingine chumbani mle ila sahani ile iliyosogea kipimo cha shubiri moja.

"Miaka ishirini na miwili ya ndoa," alisema, "hujui kwamba mkeo hana alama za vidole. Benki wanajua. Iko barua ndani ya faili, ina muhuri. Mimi siwezi kuweka dole hata nikitaka." Akamgeukia wifi yake. "Lako, wifi, ni zuri sana. Nililisafisha mimi."

Wifi aliuficha mkono chini ya meza, akaanza kulia. Mume alitoa jasho lililoloanisha kola, kisha akapata ulimi.

"Sikiliza. Mambo ya ndani hayaanikwi kambani. Utamfunga dada yangu? Watu watasemaje? Na wewe kulipa umeshazoea. Mwenye kulipa miaka kumi na tano kwa tisa, huu wa miaka saba atashindwa?"

"Daktari kanipa mitano."

"Madaktari nao! Wanapenda kutisha watu."

"Ndiyo, wifi," dada mtu alidakia katikati ya machozi, "wewe si ndiye unayejua kutoa madoa? Tusitiri na hili."

Kikohozi kilimshika Bi Povu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyemletea maji. Kilipotulia alikunja ile nakala.

"Kuna ya kufua," alisema, "na kuna ya mfuko mwekundu."

Asubuhi alikuwa mlangoni mwa meneja wa benki kabla hakujafunguliwa. Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na upole wake ulichukiza kuliko tabasamu la yule kijana. Alimwita dada. Aliagiza chai. Akasema makosa hutokea, benki inaweza kupunguza riba, kuongeza muda, na hakuna haja ya polisi kuingia katika ndoa ya watu. "Tuyamalize kifamilia."

"Mimi na benki si familia," Bi Povu akamjibu. "Soma barua iliyo mwanzo wa faili."

Akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akamwita afisa mikopo, na kijana yule alipouona muhuri wa mama aliyestaafu, akakaa bila kukaribishwa. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba alipewa bahasha, na kwamba yeye ndiye aliyeshauri liwekwe dole kwa kuwa saini ya Bi Povu ilikuwa ngumu kuiga. Mume alikuwa amemhakikishia kwamba mkewe amekwisha kujua na kukubali, ndiyo maana aliutaja mkopo ule bila kuficha. Hawa ndio wanaojitakasa mikono.

Bi Povu aliandika maelezo kurasa tatu, akakataa chai, akatia saini. Polisi waliitwa. Wifi alipotakiwa kuweka dole gumba kwenye karatasi, aliufunga mkono ndani ya mtandio kama mwenye jeraha, ikabidi askari wa kike aukunjue kidole baada ya kidole. Mistari ilikuwa ileile. Gari lilichukuliwa. Mkopo wa nyongeza ukaondolewa juu ya nyumba, ukamwangukia aliyeuomba.

Wiki ya tatu Bi Povu aliitwa benki kuchukua hati yake. Msichana mpya wa kaunta, ambaye hakujua lolote, alimsogezea kibweta cha wino.

"Dole gumba hapa, mama."

Bi Povu akakisukuma pembeni, akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, polepole, kila herufi. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja hospitali na barua ya kuacha kazi. Mzee wa boila aliisoma, akavua kofia.

"Kumbe talaka imetoka?"

"Moja imetoka, mzee. Iko nyingine."

Alipofika nyumbani, mume na dada yake walikuwako, nje kwa dhamana. Ilikuwa Jumatano. Juu ya kiti, kama Jumatano zote, palikuwa na mashati meupe. Mume alisimama mlangoni, akikwepa kumtazama.

"Kesho ni mahakamani," alisema. "Angalau moja, mke wangu. Hakimu naye ni mtu, anaangalia mavazi."

Bi Povu aliyatazama mashati yale. Kola zilikuwa na utando wa njano, kwapa zimekauka chumvi. Hapakuwa na damu, hapakuwa na usaha. Yalikuwa na jasho la kawaida la mtu anayekaa ofisini. Hata hivyo hakuyagusa. Alikwenda uani, akachukua kijiti cha kukorogea nguo kwenye beseni, akarudi, akayainua moja moja kwa ncha ya kijiti, kama alivyowafundisha wafanyakazi wapya kuinua shuka za kuchoma, akayaweka miguuni pa mwenyewe.

Kisha akanawa mikono, kwa sabuni, mara mbili.