Siku Niliyokataa Bukari ya Wakwe

Aibu hii ni yangu, na wanaoisimulia hapa mtaani kwetu Ruashi wanaisimulia vibaya, wanatia chumvi, wanasema nilimwangukia nyanya wa bibi arusi (sikumwangukia, nilianguka kando yake), kwa hiyo afadhali niisimulie mimi mwenyewe niliyeitengeneza.

Muuguzi wa zahanati alikuwa ameniambia damu yangu inapanda, nipunguze mafuta na chumvi. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini mimi siyo mtu wa kupunguza, nikiingia kwenye jambo ninaingia mzima mzima, na juma lile lile rafiki yangu wa kwaya akanitumia kwenye simu sauti ya mwanaume fulani, ya upole kama ya padri, akieleza kwamba Adamu na Eva waliishi kwa matunda tu na magonjwa yote yaliingia duniani pamoja na sufuria. Nikaamini. Tangu hapo ikawa papai asubuhi, ndizi mchana, maembe jioni, na masuku ya porini yale yanayouzwa kando ya barabara mvua zikianza. Sombe ya majani ya muhogo, samaki, maharagwe na bukari yenyewe, huo ugali wetu, nikawaachia mume wangu na mwanangu Trésor.

Mwanzoni nilipungua kweli. Nguo zikalegea, wamama wa parokia wakaniuliza siri, nami (Mungu anisamehe) nikajifanya mwalimu, nikawa nasimama nje baada ya misa nikiwaambia wanajichimbia kaburi kwa vidole vyao wenyewe. Sikuwaambia kwamba nikiinuka haraka naona giza, wala kwamba nywele zinabaki kwenye kitana, wala kwamba naota nyama ya mbuzi. Mume wangu, ambaye alizeeka mgodini na hapendi maneno mengi, alinitazama nikimenya ndizi akaniuliza, "Mama Trésor, weye uko mutu ao uko nyani?"

Sasa Trésor alikuwa anaoa. Msichana aliitwa Nadège, watu wake ni wa Kasomeno, mtoto mpole ambaye akija kwetu alikuwa anaosha vyombo kabla hujamwonyesha maji yalipo. Mahari ilikuwa imepokelewa. Ilibaki ile sherehe yao ya kuonyesha moto, ambapo upande wa msichana wanapika vyakula vyao vyote na kumletea kijana, ili ajue kwamba jiko lao sasa liko wazi kwake. Wakaja kwetu Jumamosi mchana, wamama wamebeba vyungu kichwani, wanaimba, wanacheza, na majirani wamejipanga juu ya ukuta kama ndege. Walileta samaki wa Luapula, kuku mzima, sombe ya karanga, mboga ya lengalenga, bukari ya moto na chungu cha munkoyo wa kunywa. Nyanya ya Nadège, Nkambo kama wanavyomwita, mzee mdogo mwembamba aliyekuja toka kijijini juu ya lori la mizigo, akapiga magoti mbele yangu, akafunua sahani, akamega tonge la bukari, akalichovya kwenye mchuzi na kuninyooshea. Kwao, mama wa kijana ndiye anayeonja kwanza.

Ningelipokea lile tonge moja. Ningesema tu tumbo linauma. Lakini wamama wa parokia walikuwepo, wote wananitazama waone mwalimu wao atafanya nini, na kiburi kikanipanda, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Asante, Nkambo, lakini miye sikulake tena bukari. Chakula ya kupika ni sumu. Miye nakulaka tu matunda."

Ngoma ikanyamaza. Mzee akabaki na tonge mkononi.

"Mama, sumu gani?" akauliza mama ya Nadège, taratibu.

Nikajaribu kueleza kwamba sisemi chakula chao, nasema chakula chote, cha dunia nzima, nikaanza hata na habari za Adamu, na kila nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kujifunga. Shangazi yake Nadège akasema kwa wenzake, "Anatuogopa huyu. Anazani siye tuko bachawi." Trésor akaja akainama sikioni kwangu. "Mama, kula. Nakuomba, kula kidogo tu."

Basi nikala. Na hapo ndipo ujinga wangu ulipozaa mwingine, kwa sababu badala ya tonge moja nilitaka kuifuta aibu yote kwa mara moja, nikashika paja la kuku, nikashika samaki, nikanywa munkoyo, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, wageni wakaanza kutulia, ngoma ikaanza tena kidogo kidogo, na mimi (siwezi kuficha) nilikuwa karibu kulia kwa utamu. Tumbo lililozoea papai halikukubali. Niliinuka nikimbilie nyuma ya nyumba, giza likanijia, nikatapika pale pale juu ya kitenge cha yule mzee na kuanguka kando yake, miguu juu, mbele ya ukuta mzima wa majirani.

Kitu cha kwanza nilichosikia nilipozinduka ni sauti ya jirani mmoja: "Bamemulisha nini?"

Neno hilo ndilo lililoua ndoa ile. Nkambo hakugombana na mtu. Alifunika vyungu vyake kimoja kimoja, kitenge kimemlowa, akamshika Nadège mkono na kumwambia, "Mwanangu, nyumba yenye banaogopa mukono yako, hautaipikia." Wakaondoka bila wimbo. Nadège aligeuka mara moja kumtazama Trésor, kisha akafuata wenzake.

Hospitalini daktari aliniambia damu imepungua na misuli imeanza kuisha. Matunda ni mazuri, mama, akasema, lakini mwili haujengwi kwa matunda peke yake, nani alikudanganya? Mume wangu akaenda kwa wakwe kueleza kwamba hakuna sumu, ni ujinga wa mke wake; wakamsikiliza kwa heshima, wakamrudishia mahari.

Nilipopata nguvu nikaenda mwenyewe na kitenge kipya cha kuomba msamaha. Mama ya Nadège alinipokea vizuri, akanipa kiti kivulini. Ndani walikuwa wanakula, nilisikia harufu ya samaki. Akaingia, akarudi na sahani ya papai lililokatwa vizuri, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Kula, Mama. Tunajua weye unakulaka tu matunda." Hakuna aliyecheka. Nikalila papai lote, kipande kwa kipande, na nilipouliza habari za Nadège nikaambiwa yuko Kolwezi kwa dada yake.

Ameolewa huko. Trésor amehama nyumbani, amepanga chumba Katuba. Anakuja Jumapili kumsalimia baba yake, anakaa karibu na mlango, na siku moja tu aliligusa jambo lile. "Mama, ungesema tu uko mugonjwa."

Kuacha kula matunda peke yake kulikuwa rahisi. Kiapo changu ni kingine: sitawafundisha tena watu jambo ambalo mwili wangu mwenyewe unalikataa kwa siri. Na mtu akininyooshea tonge, nitalipokea kwanza, kwa mikono miwili, hata kama ni la kumeza kwa machozi.