Siku Nilipoambiwa Sikuwa na Biashara

Nilikuwa fundi cherehani pale Mwanga, na sikuwa na bosi. Hilo nililitangaza kila mahali, hata kwenye kwaya. Magauni yangu ya harusi watu waliyasubiri wiki tatu bila kununa.

Siku moja nikipanda Ugweno kwa bodaboda, tuliteleza kwenye kona yenye kokoto. Dereva aliinuka akijipangusa vumbi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Sikulia. Niliutazama tu kama wa mtu mwingine.

Kufika wiki ya tano, wateja wote walikuwa wameshachukua vitambaa vyao. Nikafunga fremu yangu ya kushonea, nikaenda Ngujini kwa shangazi yangu, mjane anayeotesha miche ya parachichi na kahawa. Ndiye niliyekuwa nikimpelekea sukari kila Krismasi, nikimhurumia kwa kandambili zake zilizoungwa kwa waya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku chumbani. Mgongo umenilaza, mwezi wa pili huu."

Miezi miwili kitandani! Lakini nje nilikuwa nimepishana na wanawake wawili wakipakia miche kwenye gari.

"Ule mzigo wa nani?"

"Wangu. Hao niliwafundisha mwenyewe, na kila mche unaouzwa wana fungu lao. Mzigo mwingine unakwenda Same kesho."

Akaniuliza habari za fremu.

"Nimefunga."

"Kwa mkono mmoja tu?"

"Shangazi, mkono ndio biashara yenyewe."

"Basi hukuwa na biashara. Ulikuwa na mkono."

Nilitoka nje bila kuaga, nikasimama kwenye migomba. Miaka yote ile nikijiita huru, kumbe nilikuwa kibarua wa cherehani yangu!

Mkono haukunyooka sawasawa. Niliporudi Mwanga niliacha magauni ya harusi, nikachagua sare za shule, maana hizo mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kuzishona. Nikatafuta mafundi wawili, kila mmoja na fungu lake.

Juzi homa ilinilaza siku nne. Niliporudi nikakuta sare zimeuzwa na vitambaa vipya vimeshaagizwa.

"Hamkunitafuta?"

"Hapana, dada. Kwani kulikuwa na nini?"

Nikakaa kwenye benchi la wateja, nisijue nicheke au nilie.