Jumatano za Wakili

Watu wawili wakigombea mpaka wa kiwanja, kila mmoja akiapa kwamba uzio wa mwenzake umetembea, ofisi ya ardhi huwa na dawa moja: atumwe Shangazi. Ni mpima ardhi wa miaka ishirini na miwili kazini, na ofisi nzima humwita hivyo, hata mkurugenzi ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Akifika hasalimii kwa kirefu, haombi maji ya kunywa, hasikilizi historia ya ukoo. Anasimika chombo chake cha miguu mitatu, anachungulia, anaandika. Wagomvi wanaweza kulia, wanaweza kujifanya wanazimia. Yeye anatazama vigingi. Watu humsifu kwamba hapendelei mtu. Ukweli ni kwamba mara nyingi hata hajaona nani ni nani.

Kitu kimoja tu humtoa jasho mwanamke huyu, nacho ni mpira. Mpira wowote, hata uliolala chini ya meza bila nia mbaya na mtu. Ana sababu zake. Shuleni alikuwa akiitwa Nguzo, na jina hilo halikutoka hewani. Kila kipindi cha michezo manahodha wawili walisimama mbele ya darasa wakichagua timu mmoja mmoja, wewe huyu, mimi yule, na kila mara aliyebaki alikuwa yeye. Mwaka mmoja alibaki pamoja na msichana aliyefungwa plasta kuanzia vidole vya mguu hadi gotini. Wakamchagua mwenye plasta. Nguzo hakukasirika. Aliona hesabu imekaa sawa, maana mwenzake alikuwa na mguu mmoja mbovu na mmoja mzima, ilhali yeye alikuwa na miwili isiyosikia la mtu.

Katika miaka yote hiyo ya netiboli mpira ulimfikia mara moja, tena kwa bahati mbaya. Sheria hairuhusu kuushika zaidi ya sekunde tatu. Sekunde ya kwanza, wenzake sita waliita jina lake kwa pamoja kutoka pande sita. Ya pili, kulikuwa na jua, vumbi, na nailoni ya kizibao cha timu ikimkwaruza shingo. Ya tatu, alitafuta mtu mmoja pale kiwanjani asiyempigia kelele, akampata, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili na adabu zote. Alikuwa refa. Shule ilicheka mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Tangu wiki hiyo Nguzo akaanza kuumwa goti, na kwa kuwa alizaliwa mtu wa kumbukumbu, aliandika nyuma ya daftari ni goti lipi linauma wiki ipi, asije akajichanganya mbele ya mwalimu.

Ilipita miaka thelathini kabla hajajua tatizo lilikuwa nini. Mdogo wake wa kiume alikuwa anampeleka binti yake hospitali kupimwa usonji, na Shangazi akafuatana nao ili kusaidia kujibu maswali. Alisaidia kweli. Daktari aliuliza kama kelele humchosha, Shangazi akajibu, "Sana." Akauliza kama hupenda mambo yafanyike vilevile kila siku, Shangazi akajibu, "Kwa nini yafanyike tofauti?" Kwenye swali la tisa daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, nauliza habari za mtoto."

"Samahani. Nilidhani tumeshafika kwangu."

Majibu ya mtoto yalitoka mwezi ule. Ya shangazi yake yalitoka baada ya miezi minne, na yalikuwa hayohayo: usonji.

Binti huyo sasa ana miaka kumi na mmoja, na nyumbani wanamwita Wakili kwa sababu hakubali jambo lisilo na ushahidi. Shangazi anampenda kupita maelezo. Jumamosi hukaa pamoja saa nzima bila neno, mmoja na ramani zake, mwingine na vifuniko vyake vya kalamu alivyovipanga kwa rangi, na wakiagana kila mmoja husema wamezungumza vizuri. Kwa hiyo simu ya mdogo wake ilipokuja, ilimkata maini.

"Dada, mtoto hajaenda shule Jumatano tatu mfululizo. Ikifika asubuhi anajifungia chooni, anasema hataki Jumatano. Mwalimu mkuu anasema akikosa tena tumtafutie shule nyingine."

"Jumatano wana nini?"

"Michezo."

Shangazi akakaa kitako. Katika shule ile Wakili alikuwa amepata rafiki, mmoja, wa kwanza tangu azaliwe, na rafiki hahamishwi kwa barua ya uhamisho. Mtoto asipoteze shule ile, basi. Mengine hakuhitaji kuyasikia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu ambaye hajawahi kuchomeka kigingi bila kupima mara tatu, safari hii hakupima hata mara moja. Hakumuuliza mtoto chochote. Alimwona Nguzo amesimama palepale juani, akakata shauri kwenda kumtoa.

Alifuata barua kwa daktari. Jumapili, shule ikiwa tupu, alikwenda na tepu yake akapima kiwanja cha netiboli kutoka kona hadi kona, mlinzi wa getini akimfuata nyuma akiuliza kama shule inauzwa. Usiku ule hakulala mapema. Jumatatu aliingia ofisi ya mwalimu wa michezo akiwa na kurasa tatu na ramani moja.

Wanafunzi wanamwita mwalimu huyo Koplo. Jeshini hajawahi kufika, ila sauti yake ingefaa huko. Ni mtu mwema, mnene wa kifua, filimbi ikining'inia shingoni kuanzia asubuhi hadi jioni, na anaamini kwa dhati kwamba hakuna huzuni duniani isiyotibika kwa kukimbia raundi mbili.

Shangazi alitandaza ramani juu ya meza. "Hapa pana kivuli kuanzia saa nne hadi saa sita. Atakaa hapa na kitabu. Barua ya daktari ni hii. Weka saini hapa, hapa na hapa."

Koplo aliitazama kwa muda mrefu. "Mama, hii ramani ni nzuri kuliko kiwanja chenyewe."

"Kiwanja chenyewe kimekosewa. Upande wa mashariki umepungua sentimita themanini na nne."

Koplo alifikiri. "Kumbe ndiyo maana hatujawahi kufungwa upande ule."

"Hiyo haiwezi kuwa sababu."

"Lakini inawezekana."

"Haiwezekani."

Akaweka saini mara tatu, shingo upande, akisema kwamba mtoto wa watu atakosa furaha. Shangazi alitoka pale kifua mbele. Lau angekuwa mtu wa kuruka kwa furaha angeruka, lakini kuruka nako alishaachana nako.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake kupeleka habari njema. Wakili alikuwa mezani akifanya hesabu.

"Umesamehewa michezo," Shangazi akamwambia. "Hutacheza tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umalize shule."

Wakili aliweka penseli chini, akaisogeza mpaka ikalingana na ukingo wa daftari, kisha akashuka kwenye kiti, akaingia chini ya meza. Baba yake alitaka kuinama amwite, Shangazi akamzuia. Faida ya chini ya meza aliijua mwenyewe. Akakaa sakafuni kando, akanyoosha miguu, akasubiri. Robo saa ikapita.

"Nani alisema sitaki kucheza?" sauti ikauliza.

"Si hutaki Jumatano? Jumatano ni michezo."

"Uliniuliza?"

Shangazi akazikunja zile kurasa zenye saini.

"Hukuniuliza," Wakili akasema, kwa kuwa ushahidi ulikuwa wazi.

"Basi nakuuliza sasa."

Yakatoka yote, bila haraka. Filimbi ya Koplo inamwingia kwenye meno. Vizibao vya shule vina jasho la watu wengine, tena wa darasa jingine. Halafu Koplo anambadilisha nafasi katikati ya mchezo bila kumwambia mapema, sasa ni mlinzi, sasa ni mfungaji, akili inabaki nyuma mwili umeshapelekwa mbele.

"Mpira wenyewe naupenda," akasema.

"Unaupenda," Shangazi akarudia polepole. Angeambiwa mtoto anapenda kung'olewa jino, asingeshangaa zaidi.

Iliuma, na hakuficha kwamba iliuma. Alikwenda mbio kumwokoa mtoto, kumbe alikwenda kumnyang'anya kitu mkononi. Tena kwa saini tatu. Usingizi ulimpaa, na Jumanne asubuhi, kabla hata mlango wa ofisi haujafunguliwa, Koplo alimkuta amesimama nje akiwa na zile kurasa.

"Nimekuja kufuta barua."

"Mama, jana hapa hapa umenisainisha mpaka mkono umechoka."

"Nilikosea." Katika miaka ishirini na miwili ya kupima hakuwahi kulitamka neno hilo, na lilitoka kwa shida kama pete iliyobana kidoleni. "Nilikwenda kumpima mtoto, nikajipima mwenyewe."

Koplo akamvutia kiti. Hakumcheka, na Shangazi anamheshimu kwa hilo mpaka leo. Wakaanza kupanga. Kizibao, mtoto atakuja na chake, cha pamba, kimefuliwa nyumbani. Nafasi, atabaki mlinzi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kama kuna mabadiliko aambiwe siku moja kabla. Yote hayo Koplo aliyakubali bila tabu. Ilipofika zamu ya filimbi, aliishika kwa mkono wote.

"Hii ninayo mwaka wa kumi na saba, mama."

"Naelewa."

"Nikiiacha watanisikia vipi?"

"Mwalimu, wewe unasikika hata ukinong'ona. Jana ukiongea na mwenzako kule stoo, mimi getini nilisikia kila kitu."

Hakuwa anatania, ilikuwa taarifa tu, lakini Koplo alicheka mpaka akajifuta machozi. Alipomaliza aliivua filimbi, akaifungia kwenye droo, akatoka kutafuta kitambaa cha njano cha kupepea badala yake.

Jumatano iliyofuata Wakili alivaa viatu kabla hajaamshwa. Chooni aliingia na kutoka kwa muda wa kawaida. Nyumba nzima ilikaa kimya ikiogopa kuharibu, na mwalimu mkuu hakupiga simu siku hiyo wala baada yake.

Wiki ya tatu kukawa na mechi kati ya madarasa mawili, na Shangazi akaomba ruhusa kazini. Alivaa vizibo vya masikio, akasimama kwenye uzio umbali wa mita thelathini na tano, kwa kuwa alishapiga hesabu kwamba hakuna mtoto wa umri ule anayeweza kurusha mpira ukafika hapo. Katikati ya kiwanja Koplo alipepea kitambaa chake. Mazoea ni kitu kibaya: kila akikiinua, mashavu nayo yalijaa upepo, kisha akakumbuka, akautoa taratibu.

Mchezo ukaanza, na Shangazi akaanza kufa polepole. Wakili alikuwa hawezi. Sizungumzii kukosa mazoezi, nazungumzia kutoweza kabisa, kutoweza kwa kiwango cha Nguzo na pengine kumzidi. Alikimbilia mahali mpira ulipokuwa, si unapokwenda. Aliruka kwa nguvu zote mpira ukiwa umeshapita, umefungwa, na umerudishwa katikati. Mara moja aliupata, akamrushia mpinzani vizuri kabisa, kifuani, rusho safi ambalo mwenyewe hakulirudia tena. Wenzake walishika vichwa. Kila goli lililoingia Shangazi alilihesabu, na alijua kwa hakika kitakachofuata, kwa sababu alikuwa amekiishi: leo vicheko, kesho jina, wiki ijayo goti. Magoli yakawa kumi, yakawa kumi na tano. Akaanza kupanga maneno ya kumfariji mtoto, akayapanga kwa mfululizo, la kwanza hadi la tano.

Kitambaa kikashushwa kwa mara ya mwisho. Wakili akaja mbio, jasho tupu, kamba za kiatu kimoja zikiburutika vumbini. Shangazi akatoa vizibo masikioni.

"Umeona?" mtoto akauliza.

"Nimeona."

"Kumi na tisa kwa mbili."

"Nimehesabu."

"Wamesema wiki ijayo tunarudiana nao." Aliisema kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuitegemea, na yale maneno matano ya faraja yakakosa pa kwenda.

Wakili akapokea chupa ya maji, akanywa mpaka nusu. Kisha akamtazama shangazi yake kwenye vifungo vya blauzi, mahali wanapotazamana siku zote.

"Baba anasema na wewe ulikuwa unacheza. Mbona uliacha?"

"Nilikuwa siwezi."

Wakili alisubiri sababu. Alisubiri kwa adabu, kichwa kimeinama upande, mpaka ikawa wazi kwamba hakuna nyingine inayokuja. Akarudisha chupa.

"Hata mimi siwezi, shangazi," akasema, akakimbia kurudi kiwanjani kabla hawajaondoa milingoti ya magoli.