Mgomba Uliozikwa Mumosho

Mwanajeshi aliyetuletea habari hakukaa. Mama alimsogezea kiti, naye akashika tu mgongo wa kiti, kofia kwapani. Alianza kwa Lingala, kisha alipoona mama hashiki neno akageukia Kiswahili cha polepole.

“Maman, ndege iliungua kule jimbo ya Shaba. Mutoto yako alikuwa ndani na benzake.”

“Mwili itafika lini?”

“Hakuna mwili, maman. Hakuna kitu ya kuleta.”

Akampigia mama saluti, mama aliyekuwa na unga wa muhogo hadi viwikoni, akatoka. Gari lake la jeshi lilikuwa bado linanguruma pale barabarani, mtaani kwetu Kadutu. Hata kulizima hawakulizima. Hilo lilinikera kuliko kila kitu. Mpaka leo nikisikia gari limeachwa linanguruma mlangoni kwa mtu, damu inanichemka.

Aliyekufa ni kaka yangu, kifungua mimba wa mama, fundi wa ndege katika jeshi la anga. Alichaguliwa kwa sababu ya hesabu zake za shule, akapelekwa Kinshasa kusomea kazi hiyo akiwa bado na sauti inayokatika katikati ya neno. Mtaa ulicheka sana. Mtoto aliyetapika ndani ya lori kila tulipokwenda Kavumu ataweza wapi mambo ya ndege? Aliyaweza. Akawa anatutumia salamu kupitia watu, na hakupata likizo ya kurudi nyumbani hata mara moja.

Matanga yakaanza. Wanawake waliketi na mama kwenye mikeka, wanaume wakawasha moto uani. Majirani walileta maharage na makaa, padri akaja kusoma misa. Kulikuwa na tonton mmoja, sijui alikuwa mjomba au baba mdogo, aliyekunywa kasiksi ya watu tangu asubuhi na kulia tu pale dumu la pombe lilipokauka. Lakini matanga hufungwa watu wakishazika, na sisi hatukuwa na cha kuzika. Siku zikaenda. Wageni wakaanza kutazama mlango, wakikumbuka mashamba na biashara zao, na hakuna aliyethubutu kumwambia mama ainuke kwenye mkeka. Mama mwenyewe hakulia. Kila aliyeingia alimuuliza neno moja: mtoto wangu atalala wapi?

Ndipo bibi yetu, mama mzazi wa baba, alipofika kutoka kijijini Mumosho. Alisikiliza, akavuta ugoro wake, kisha akasema kwa Kishi, lugha ya kwao, kwamba watu wa zamani walikuwa na dawa ya jambo hilo. Mtu akimezwa na ziwa, au akifia porini asionekane, ndugu zake walikata mgomba wa kimo chake, wakauvika nguo yake, wakauzika katika shamba la ukoo kama mwenyewe. Baada ya hapo walinyoa nywele, na kilio kikafungwa.

Mama aliinua kichwa.

“Kesho,” akasema.

Baba alikuwa katekista wa parokia. Alikuwa mtu wa taratibu, hata kikohozi chake kilikuwa cha kuomba ruhusa, lakini siku ile alisimama katikati ya wanawake wale wote.

“Mimi niko nafundisha batu kila juma waache mambo ya bankambo, ya bazee ba zamani. Leo nizike mugomba? Padri ataniangalia na macho gani?”

“Padri ana kaburi ya mama yake?”

“Iko nayo.”

“Basi aniache na mimi nipate ya mutoto wangu.”

“Misa ilishasomwa, maman. Roho yake iko kwa Mungu.”

“Roho ni ya Mungu, sibishani. Mimi natafuta fasi ya kupeleka maua. Wewe ulimubatizisha, mimi nilimuzaa. Kila mutu afanye kazi yake.”

Baba alichukua rozari yake akatoka. Nilimwonea huruma, na palepale nikamkasirikia. Nilikuwa msichana wa lycée, masista walikuwa wametufundisha kucheka mambo kama hayo, lakini nilitaka mgomba ule kama mama alivyoutaka. Nilikuwa nimechoka kulilia hewa.

Asubuhi tulipanda lori la kwenda Mumosho, mama, bibi na mimi, na wanaume wachache wa kuchimba. Baba hakupanda. Mama hakugeuka kumtafuta.

Shamba la ukoo lilikuwa mteremkoni, udongo wake mwekundu umelowa mvua. Wanaume walichimba karibu na kaburi la babu. Mama alipita kati ya migomba akiisukuma kwa kiganja, akiikataa mmoja mmoja: huu umelegea, huu umeliwa na wadudu. Mwishowe alisimama mbele ya mmoja ulionyooka, akauangusha kwa mupanga mwenyewe, asikubali kusaidiwa. Kisha akasimama wima, akaweka mkono juu kidogo ya kilemba chake.

“Alinifika hapa,” akasema, akaukata kwa kimo hicho.

Alikuwa amebeba shati la Noeli ambalo kaka aliliacha nyumbani. Aliuvika mgomba lile shati, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Lilikaa vizuri kabisa. Niliogopa kulitazama.

Ndipo tukamwona baba. Alikuwa akishuka mteremko kwa miguu, amevaa abacost, koti lake la jumapili, viatu vimejaa tope, rozari mkononi. Wanaume waliacha kuchimba. Mama aliushika mupanga wake, akasimama mbele ya mgomba.

“Kama umekuja kukataza, rudi.”

Baba akampita. Aliutazama mgomba uliolala pale ndani ya shati, toka juu hadi chini.

“Iko mufupi,” akasema.

“Nini?”

“Huyu ni ule wa masomo, ule aliondoka mutoto. Haiko yeye.”

Hapo nikakumbuka. Mwaka mmoja kabla ya kifo, ndege ya kaka ilikuwa imetua kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu kushusha mizigo, akatuma mtu mbio atuite. Mama alikuwa Minova, amekwenda kununua vitu vya kuuza sokoni, nami nilikuwa darasani. Baba alikwenda peke yake, wakasimama kidogo chini ya bawa la ndege. Mama aliporudi alimuuliza mambo mia: amekonda? anakula? anavaa nini? Baba akajibu kwamba yuko salama. Basi, hayo tu. Ningekuwa mama ningemrushia sufuria.

“Alinipita, maman,” baba akasema. “Nilikuwa namutazama juu.”

Akalala chini. Katekista yule, ndani ya abacost yake ya jumapili, alijinyoosha katika udongo uliolowa ubavuni mwa ule mgomba, nyayo zake usawa mmoja na mwisho wa chini wa mgomba.

“Pima hapa kwa kichwa yangu. Kisha uongeze.”

“Kiasi gani?”

Baba alinyoosha kiganja, akakiweka juu ya utosi wake, vidole vyote vimetanuka.

Mama alipiga magoti. Aligusa kile kiganja, akakifuata kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

“Alikuwa murefu hivi?”

“Murefu hivi. Na mabega yake, huku na huku.”

“Basi alikuwa anakula,” mama akasema. “Walikuwa wanamupa chakula.”

Akacheka, kweli alicheka, na kicheko hakijaisha kikageuka kilio. Alilia kwa sauti kubwa hadi watu wa mashamba ya jirani wakaja. Baba alibaki amelala pale pale, amemshika mkono.

Alipomaliza alijifuta uso, akachukua mupanga, akaenda kutafuta mgomba mwingine. Shati la Noeli halikumtosha huyu. Baba akavua abacost yake, akampa mama amvike. Kaburi nalo lilikuwa fupi. Baba akashuka ndani na singleti yake tu, akamnyang'anya mtu mmoja jembe, akaanza kulirefusha.