Kijiko cha Pili

Uani ni kimya. Hakuna tena ndoo inayogongwa asubuhi, wala sauti ya mkewe ikiita bandani, "Haya wanangu, mezani!" Fundi cherehani huamka saa zile zile, akasikiliza, kisha akakumbuka.

Mtaa mzima ulimwita mkewe Mama Vifaranga. Kundi lile la mwisho la kuku wa nyama lilikuwa la harusi ya binti yao, kitinda mimba. Mama alikuwa ameapa: wageni wa mwanawe hawatalishwa kuku wa kununua. Jioni alipima chakula ndooni. Asubuhi alitia kijiko kimoja cha dawa ya unga, ile ya kuzuia kuhara na kuwanenepesha, akakoroga kwa mkono.

"Dawa ni kipimo," alizoea kusema. "Kikizidi, sumu."

Wakwe walipokuja kujitambulisha, aliwapeleka bandani kwa fahari. Fundi akashindwa kuuzuia ulimi.

"Mke wangu, hawa kuku au njiwa? Nikimshonea huyu koti, leso moja inatosha na kitambaa kinabaki!"

Wakwe walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe hakucheka.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe," alimwambia walipoondoka.

"Utani tu, mama."

"Utani una mahali pake."

Toka hapo akanuna. Chakula kilifika mezani, maneno hayakufika. Moyo ulimsuta fundi, lakini kuomba radhi kulikuwa kuzito kinywani mwake. Maisha yake yote mikono ndiyo iliyomsemea. Basi akawa anatangulia kuamka, ananyata uani, anatia kijiko cha dawa ndooni na kukoroga vizuri. Kuku wakinenepa, alijiambia, mama atacheka tena. Akarudi kitandani kujifanya amelala. Naye mkewe akaamka, akatia chake.

Kuku wakaanza kulegea miguu. Walilalia vifua, chakula kiko mbele yao hawakifikii, wakafa mmoja baada ya mwingine.

"Hii ndoo ameigusa nani?"

"Mimi. Nilitaka kukusaidia."

"Si ungesema!"

"Ungenijibu?"

Mama alikitazama kijiko mkononi mwake.

Wageni wa harusi walikula kuku wa kununua. Wakawasifu, na kila sifa ilimchoma fundi kama sindano chini ya ukucha. Bibi harusi alipoondoka, mama alipanda gari lile lile, akamsaidie kuanza maisha.

Siku hizi yuko huko kwa binti yake, analea mjukuu. Kuku hafugi.